Ankara Haikumfikia Msomaji

Mwaka 1989 shirika la habari la UPI lilikuwa hoi. Lilikwisha kufilisika mara moja, mwaka 1985, likapita mikononi mwa wenye mali tofauti, na mwaka 1991 lingefilisika tena. Magazeti ya Marekani yalikuwa yanalikimbia, moja baada ya jingine, yakibaki na mshindani wake mkubwa, AP. Shirika lililoanzishwa mwaka 1907 na lenye waandishi katika kila bara lilikuwa na bidhaa nzuri na wanunuzi wanaopungua.

Ndipo akatokea mteja wa ajabu. Brad Templeton alikuwa kijana wa Kanada, mtunzi wa programu za kompyuta, na jina lake lilijulikana zaidi kwa sababu ya kundi la vichekesho alilolisimamia Usenet, mtandao wa makundi ya mijadala kwenye kompyuta. Hakuwa na gazeti wala redio. Alichotaka ni kununua habari za UPI ili watu wazisome kwenye skrini, akaunda kampuni ya kufanya hivyo, ClariNet. Mwenyewe husema ndiyo biashara ya kwanza kuanzishwa kwa nia ya kuuza kitu kupitia Intaneti. Wanaopenda kubishana kuhusu nani alikuwa wa kwanza wana pa kuanzia hapo. Mimi nimekuwa nikirudia jambo jingine: kampuni hiyo ilifikisha wasomaji zaidi ya milioni moja, wote wakiwa wamelipiwa, na wengi wao hawakuwahi kuiona ankara.

Nilikuwa miongoni mwao. Katikati ya miaka ya tisini nilisoma katika chuo kimoja cha Marekani, mbali kabisa na bahari, katika mji ambao gazeti lake liliiweka Afrika yote katika aya mbili za ukurasa wa ndani, tena siku ambazo hapakuwa na tangazo la magodoro. Simu ya nyumbani ilikuwa ya kuhesabu dakika. Lakini kwenye chumba cha kompyuta, ukifungua programu ya kusomea Usenet na kushuka hadi kwenye makundi yanayoanza na neno clari, ulikuta habari za Bujumbura, Kampala na Dodoma zikiwa mbichi, kama zilivyotoka kwa mwandishi. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, Mei 1996, nilizisoma taarifa zake humo, na idadi ya waliokufa ilikuwa ikibadilika kadiri taarifa mpya zilivyoingia. Gazeti la mji lilitoa habari hiyo pia. Kesho yake, na kwa ufupi.

Mwenye umri mdogo huenda asielewe ajabu ilikuwa wapi, kwa hiyo nieleze. Shirika la habari hutuma maneno mengi kuliko gazeti lolote linavyoweza kuchapa. Sehemu kubwa ya kazi ya mhariri wa habari za nje katika chumba cha habari cha zamani ilikuwa kutupa. Mashine ilikuwa inalia mchana kutwa, karatasi zinatoka, naye anachagua chache na kuzipeleka nyingine kwenye pipa. Habari fupi ya mkutano wa Arusha kuhusu Burundi ilikuwa imeandikwa, imehaririwa na imelipiwa, kisha inaishia pipani kwa sababu wasomaji wa mji ule hawakuihitaji. ClariNet ilifungua lile pipa. Kwa mtu aliye mbali na kwao, pipa ndimo gazeti lake lilimokuwa.

Njia yenyewe ilikuwa hii. Usenet, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1979, haikuwa na makao makuu. Kila seva, yaani kompyuta ya kuhifadhi na kugawa, ilihifadhi makala za makundi iliyoyataka, na ilipokutana na jirani yake zilibadilishana zisizokuwa nazo. Mwanzoni zilikutana kwa modemu na laini za kawaida za simu, usiku, bei ya simu ilipopungua. Tangu mwaka 1986 kulikuwa na utaratibu rasmi wa kufanya hivyo juu ya Intaneti, unaoitwa NNTP. Makala ikishaingizwa mahali pamoja ilienea yenyewe. Templeton hakuhitaji kujenga barabara. Zilikuwepo, na vyuo vilikuwa vimekwisha kuzilipia.

Tatizo lilikuwa sheria ya barabara. Uti wa mgongo wa Intaneti ya Marekani wakati huo, NSFNET, ulikuwa mali ya umma, na kanuni zake ziliruhusu matumizi yanayosaidia utafiti na elimu. Biashara haikuruhusiwa humo. ClariNet ilikuwa biashara, hilo halikufichika. Ila wateja wake wakuu walikuwa vyuo na taasisi za utafiti, na mwanafunzi anayesoma habari za dunia ni vigumu kusema hasomi. Mlango ulipatikana hapo. Napenda kuwakumbusha jambo hili wanaosimulia kwamba Intaneti ilikuwa bure na safi hadi wafanyabiashara walipoivamia katikati ya miaka ya tisini. Mfanyabiashara alikuwemo tangu 1989, anauza habari, na chuo ndicho kilichomfungulia.

Kazi iliyonivutia zaidi, nilipokuja kuielewa baadaye nikiwa nimeajiriwa katika chumba cha habari, ni ile ya kupanga. Habari ya shirika haiji uchi. Juu yake huwa na alama zilizobuniwa kwa ajili ya wahariri wa magazeti: herufi moja ya aina ya habari, i kwa za kimataifa, f kwa za fedha, s kwa michezo, w kwa Washington, herufi nyingine ya uharaka, kuanzia habari inayostahili kusimamisha mitambo hadi ile inayoweza kungoja Jumapili, kisha neno moja la kuitambulisha, na hesabu ya maneno. Programu za ClariNet zilisoma alama hizo na kuisukuma kila habari kwenye kundi lake. Za biashara zilikwenda clari.biz, michezo clari.sports, na tukio kubwa lilipozuka liliundiwa kundi lake la muda, kama ilivyokuwa kwa Iraki na kwa Somalia. Alama zenyewe hazikutupwa. Zilibaki juu ya makala, na aliyejua kuzitumia angeweza kuiambia kompyuta imletee za haraka tu, au asiione tena michezo maisha yake yote. Templeton alitunga hata lugha ndogo ya programu kwa kazi hiyo, NewsClip, ambayo kwayo msomaji aliandika masharti yake mwenyewe ya kuchuja habari.

Jingine lilihusu marudio. Shirika la habari halisubiri tukio liishe. Linatuma aya tatu, baada ya nusu saa linatuma habari ileile ikiwa na mwanzo mpya, kisha tena, hadi jioni kuna habari sita ambazo kimsingi ni moja. Mhariri wa gazeti alizoea: unashika ya mwisho, unatupa tano. Msomaji wa kawaida angechanganyikiwa. Usenet ilikuwa na amri isiyotumiwa sana, inayoiambia seva kwamba makala hii inachukua nafasi ya ile. ClariNet iliitumia kila siku, saa zote. Toleo jipya lilipofika, la zamani liliondoka lenyewe kwenye seva zote zilizolipia. Leo tunaona habari ikisasishwa kwenye simu na hatushangai.

Kwa hiyo naona chuo hakikuwa kinanunua habari peke yake. Kilikuwa kinanunua mpangilio, na kazi ya kuondoa takataka ambayo kila gazeti lilikuwa linaajiri watu kuifanya. Kililipa kwa pamoja, kulingana na idadi ya watu wake, na mkataba ulisema wazi kwamba habari zisitoke nje ya taasisi.

Hapo ndipo mkataba na Usenet vilipogongana. Usenet ilijengwa ili kila kitu kisambae. Mtu aliyezuia makala isipite alionekana mchoyo au mjinga. ClariNet iliwataka wasimamizi wa seva wafanye kinyume, yaani waweke makundi haya nyuma ya lango na wasimpe jirani. Wasimamizi walitii kwa kiasi kikubwa. Wanafunzi walikuwa jambo jingine. Niliona taarifa za UPI, na baadaye za Reuters, AFP na AP, zikichapwa kwenye mashine ya chuo na kubandikwa milangoni, zikitumwa kwa barua pepe kwa ndugu wa vyuo vingine ambavyo havikulipia, zikiwa bado na mstari wa hakimiliki juu yake. Hakuna aliyeona anaiba. Mstari wenyewe tuliuona kama muhuri wa kuthibitisha kwamba habari ni ya kweli.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Dave Barry, mwandishi wa safu ya vichekesho wa Miami Herald. Safu yake ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyovuta watu ClariNet. Mwaka 1993 kampuni ya magazeti ya Knight-Ridder ilianza kuchunguza nani anainakili safu hiyo bila ruhusa. Ilikuta inabandikwa katika kundi la wapenzi wake Usenet, ikakuta inatumwa kwa barua pepe kwa watu wapatao 2,000, na ikamkuta mmoja wa waliokuwa wakiinakili: kijana wa shule kutoka majimbo ya kati, aliyefanya hivyo kwa sababu alimpenda Barry na alitaka kila mtu amsome. Hakuchukua senti. Safu hatimaye iliondolewa ClariNet. Templeton, kwa upande wake, aliandika makala iliyosambaa sana ya kuvunja imani 10 potofu kuhusu hakimiliki, ya kwanza ikiwa ile kwamba kisicho na alama ya hakimiliki ni cha wote. Nadhani alikuwa na haki kwenye kila hoja, na nadhani pia yule kijana hakuisoma, au aliisoma na kuendelea.

ClariNet haikuwa ya kwanza kujaribu kuuza gazeti kwa waya. Tarehe 1 Julai 1980, Columbus Dispatch la Ohio lilianza kusomeka kupitia CompuServe, huduma ya kompyuta iliyofikiwa kwa simu, na magazeti mengine 10 yakaufuata mpango huo kwa ushirikiano na AP. Msomaji alilipa dola 5 kwa saa, na modemu za wakati ule zilipitisha herufi kama 30 kwa sekunde. Kulipokea gazeti zima kulichukua zaidi ya saa mbili. Piga hesabu: zaidi ya dola 10 kwa kitu ambacho mtoto wa mtaani alikuwa anakiuza kwa senti 20. Mpango ulikufa mwaka 1982. Watu husema ulikufa kwa sababu teknolojia ilikuwa changa. Mimi nalaumu saa. Ukimwekea msomaji mita inayozunguka huku anasoma, hata habari tamu humkaba, kama yeyote aliyewahi kufungua mtandao kwenye kibanda cha intaneti kwa shilingi mia tano za nusu saa anavyojua.

Afrika Mashariki nayo haikuwa imelala. Wakati ClariNet inakua Marekani, madaktari wa Muhimbili na Makerere walikuwa wanapata muhtasari wa majarida ya tiba kupitia HealthNet, mtandao wa shirika la SatelLife lililoanzishwa na daktari Bernard Lown. Ulitumia setilaiti ndogo, HealthSat-2 ikirushwa mwaka 1993, iliyopita juu ya anga mara chache kwa siku, ikichukua barua na kushusha nyingine kabla haijazama upande wa pili. Hospitali ambayo jarida lilifika likiwa limechelewa miezi, au halikufika kabisa, ilisoma matokeo ya utafiti ya juzi. Mwaka 1995, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, Umoja wa Mataifa ulianzisha IRIN, huduma ya habari za kibinadamu, jijini Nairobi, na taarifa zake za Maziwa Makuu zikawa zinatumwa kila siku kwa barua pepe na faksi kwa yeyote aliyejiandikisha. Wafanyakazi wa misaada wa Goma na Bukavu walizitegemea. Daktari hakulipa. Mfanyakazi wa misaada hakulipa. Kulikuwa na mfadhili aliyekaa mahali fulani akisaini hundi, na huduma ziliishi kadiri hundi zilivyoendelea.

Na kulikuwa na Wakenya watatu waliosoma Marekani: Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, binti wa Hilary Ng'weno aliyekuwa mhariri wa Weekly Review. Mwaka 1994, huko Massachusetts, walianzisha Africa Online, wazo lao likitokana na kiu ya habari za nyumbani. Haikuchukua muda kampuni ikawa ya kuunganisha watu na Intaneti, ikaenea nchi kadhaa za Afrika. Sishangai. Kiu ya habari ilikuwa kubwa kuliko pochi, lakini kwa ajili ya waya watu walitoa pesa. Hali ni hiyohiyo hadi leo: kijana anayelalamika kwamba gazeti la mtandaoni limemdai shilingi elfu moja amenunua bando asubuhi bila kunung'unika.

Wavuti ndiyo iliyoiua biashara ya aina ya ClariNet, na haikuchukua miaka mingi. Magazeti yalifungua tovuti na kumwaga kila kitu bure, kwa matumaini ya matangazo, na msimamizi wa seva wa chuo akaanza kuulizwa na wakubwa wake kwa nini bado analipia. Walioendelea kudai pesa walizidai sasa kwa msomaji mwenyewe, mmojammoja. Wall Street Journal lilianza kutoza mwaka 1997, dola 49 kwa mwaka, au dola 29 kwa aliyekwisha kuwa na usajili wa karatasi. Lilifanikiwa, na hutajwa kila mara kama ushahidi kwamba watu hulipa. Tukumbuke tu wasomaji wake ni watu wa fedha, na tujiulize kiasi gani cha dola hizo 49 kilirudi mezani kwa mwajiri kama gharama za kazi. Jarida la Slate, lililomilikiwa na Microsoft, lilijaribu mwaka 1998 kwa dola 19.95. Lilipata waliojiandikisha zaidi ya 20,000, idadi isiyo mbaya, likakata tamaa kabla ya mwaka kutimia na kufungua milango tena mwanzoni mwa 1999.

ClariNet yenyewe iliuzwa mwaka 1997 kwa kampuni ya Individual, iliyoungana na nyingine mwaka uliofuata na kuitwa NewsEdge, ikahudumia zaidi makampuni. Mwaka huohuo wa 1997 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha vifungu vya sheria iliyotaka kuadhibu maneno yasiyo ya staha kwenye mtandao; ClariNet ilikuwa mmoja wa walalamikaji katika kesi hiyo, pamoja na watetezi wa haki za raia. Kwa kampuni ya kuuza habari za waya, si haba.

Hapa kwetu mjadala wa malipo huendeshwa kama vita kati ya mwenye gazeti na msomaji. Mwaka 2017 waziri wa habari wa Tanzania wakati huo, Harrison Mwakyembe, aliagiza redio na televisheni zinazosoma magazeti asubuhi ziishie kwenye vichwa vya habari, kwa sababu mtu akishasomewa habari nzima akinywa chai hatanunua nakala. Februari 2021 Nation Media Group ya Nairobi ilianza kutoza baadhi ya makala za tovuti yake. Na kila asubuhi, kabla jua halijachomoza vizuri, kuna mtu katika kila grupu kubwa la WhatsApp anayedondosha PDF za magazeti yote ya siku hiyo. Halipwi. Ukimuuliza kwa nini anafanya hivyo atakwambia watu wasome. Ni yule kijana wa Dave Barry, sema huyu amekua, ana simu na watu wanamsalimia.

Wahariri ninaowafahamu hutumia muda mwingi wakimtafuta huyo mtu. Mimi ningewashauri wamtafute mlipaji. Vyuo vikuu vya Tanzania vina muungano wa maktaba, COTUL, na vya Kenya vina KLISC, na miungano hiyo tayari hununua majarida ya kitaaluma kwa pamoja ili mwanafunzi wa Mbeya au Eldoret ayafungue bila kuona bei. Watu wa kujadiliana nao wapo, mikataba ipo, hata namna ya kumtambua mwanafunzi kwenye mtandao wa chuo ipo. Kinachokosekana kwenye meza ile ni muuzaji wa gazeti la Kiswahili aliyekuja na bei ya kwa kichwa cha mwanafunzi, na akiba yake ya miaka thelathini ya matoleo ikiwa imepangwa kwa mada, watu na tarehe, kama zilivyopangwa zile za clari. Kwa sasa, mwanafunzi wa uandishi wa habari anayetaka kujua gazeti fulani liliandika nini kuhusu uchaguzi wa 1995 anapanda daladala hadi maktaba, anaandika jina kwenye daftari la wageni, na anasubiri juzuu iliyoshonwa kwa kamba iletwe kutoka stoo.